Siku Programu Yangu Iliposema "Imefika"

Nyie mnaoanza kazi za mtandao sasa hivi, kaeni kidogo. Najua mna haraka. Juzi mtoto wa dada yangu alinikuta nahangaika kutuma picha kwa simu, akanipokonya, akabonyeza mara mbili, akanirudishia. "Tayari, mama mdogo, imefika." Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha alama mbili ndogo pembeni ya picha. Nikamuuliza, hizo alama zimeitazama picha yenyewe? Akacheka, akaenda zake jikoni kutafuta chai.

Mimi sikucheka. Neno hilo "imefika" siliamini mpaka leo. Nitawaeleza kwa nini, na nitaeleza kwa njia yangu, kwa hiyo asiye na subira aende akanywe chai na mwenzake.

Naitwa Perpetua. Kabila langu ni Mpimbwe, kwetu ni kule kwenye mashamba ya mpunga, ng'ambo ya hifadhi ya wanyama, ila nimezeekea Mpanda mjini, na sasa nakaa kata ya Nsemulwa nafuga kuku na kugombana na majirani kuhusu kuku. Kabla ya kuku nilikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali. Jina la hospitali silitaji. Niliingia pale kama mpiga chapa, nikiwa na vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi, na walipoleta kompyuta ya kwanza wakaniambia niiwashe mimi kwa kuwa ina herufi kama mashine yangu. Ndivyo nilivyopata ufundi. Hakukuwa na sherehe.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kugusa kompyuta. Alikuwa Mzee Shabani, mwendesha redio kolu wetu, mtoto wa wenye maduka wa hapa mjini, mtu wa kanzu safi na hasira za karibu. Enzi hizo vituo vya afya vya mbali vilituita kwa redio: mgonjwa fulani, damu kundi fulani, gari lije. Mzee Shabani alikuwa na neno moja tu, "Rudia." Ukimpa ujumbe, urudie. Akikupa yeye, urudie. Siku moja nilikwenda kumwambia kwamba chakula chake kutoka nyumbani kiko getini.

"Rudia."

"Mzee, ni ugali tu."

"Ugali na nini? Rudia wote."

Nikarudia mpaka mlenda. Nilimwona msumbufu wa kupindukia. Nikajisemea, siku nikipata chombo changu mwenyewe, habari za kurudia rudia zitakwisha.

Chombo kilikuja. Kituo kimoja cha afya kule kwetu kwenye mpunga kilipata mashine ya eksirei ya kisasa, ambayo picha yake inatokea kwenye kompyuta badala ya filamu. Lakini kituo hakikuwa na daktari wa kuzisoma hizo picha. Daktari alikuwa kwetu Mpanda, na kati yetu na wao kuna hifadhi nzima, barabara ya vumbi au tope kutegemea mwezi, na mtandao unaokuja na kuondoka bila kuaga. Ikaamuliwa picha zije kwa mtandao, daktari asome, jibu lirudi. Perpetua, tengeneza.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo kazi yenyewe. Kompyuta mbili haziwezi kupeana faili bila mapatano. Nani aanze kusema, nani anyamaze, faili liitweje, njia ikikatika tufanye nini. Mapatano hayo ndiyo itifaki. Ile ya kawaida, jinsi ilivyokuwa imewekwa kwenye kompyuta zetu, ilikuwa ya watu wenye waya mzuri: ikikatika, inaanza upya kutoka mwanzo. Sisi tulikuwa tunakatika mara sita kwa picha moja. Picha inafika robo tatu, mnara unazima, tunaanza upya. Mgonjwa anaweza kupona au kufa huku picha yake bado iko njiani.

Nikaketi nikaandika programu yangu, nusu yake ikae kituoni na nusu kwetu. Ikawa inakata picha vipande vidogo na kutuma kimoja kimoja. Njia ikikatika halafu ikarudi, ya kituoni inauliza: faili la jina hili unalo? Ya kwetu inajibu: ninalo, limefika mpaka hapa. Basi zinaendelea palepale. Siku ya kwanza picha ilikatika mara nne na bado ikafika. Nilipiga vigelegele peke yangu chumbani mpaka mtu wa stoo akaja kuuliza nani kaolewa.

Nilikuwa na mambo mengi madogo ya namna hiyo, na mengine yatawafaa hata leo. Ruta iwekeni juu ya kopo lililosimama kwenye sahani yenye mafuta machafu kidogo, maana sisimizi hupenda joto lake na wakihamia ndani hamtajua kwa nini mtandao unakohoa. Waya wa nje uacheni ulegee kidogo, jua la Oktoba huukaza ukakatika kwa ndani huku nje ukionekana mzima. Na mtu akikuambia "nimezima nikawasha," nenda kaangalie kama alizima kioo tu. Nimepanda gari mchana kutwa kwenda kuwasha kompyuta iliyokuwa inawaka.

Turudi kwenye programu. Mwanzoni niliiwekea hesabu ya kuhakiki. Yaani picha ikimalizika, kompyuta zote mbili zinaijumlisha yote upya, mwanzo hadi mwisho, halafu zinalinganisha jumla. Zikipishana hata tarakimu moja, picha inakataliwa. Ndiyo ile "rudia" ya Mzee Shabani, ila kwa kompyuta. Lakini kompyuta ya kituo ilikuwa chakavu. Hesabu ile iliitesa dakika kadhaa kwa kila picha, na wagonjwa wamejipanga kwenye benchi. Nikaiondoa. Badala yake nikaweka kulinganisha ukubwa tu: iliyotoka na iliyofika zikiwa na ukubwa mmoja, imefika. Na kwa kuwa diski ya kituo ilikuwa ndogo na ilijaa upesi, nikaongeza jambo moja: picha ikishafika kwetu, ile ya kituoni ifutwe.

Likabaki suala la jina la faili. Namba ya kadi haikunifaa, kwa sababu watu wetu wanapoteza kadi na kupewa nyingine, na mgonjwa mmoja unamkuta na namba tatu. Jina la kwanza halikunifaa pia. Mnajua wenyewe: mtu huyohuyo kanisani ni Yohana, nyumbani anaitwa kwa jina la babu yake, shuleni mwalimu kamwandika la tatu. Leo kaletwa na mama yake anataja hili, kesho kaletwa na shangazi anataja lile. Nikatafuta visivyobadilika: jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, kiungo kilichopigwa picha na siku iliyopigwa. Nikajiona nimeziba kila tundu.

Mwenye akili ya haraka kati yenu ameshaliona tundu. Mimi sikuliona, na nimeishi mkoa ambao ukiita "Kulwa!" sokoni wanageuka watu wanne, na ukiita "Doto!" wanageuka wanne wengine.

Ilikuwa asubuhi, msimu wa kuvuna mpunga. Deo, mpiga picha wa kile kituo, mtu mwangalifu asiyependa makuu, alinipigia simu.

"Shikamoo mama. Nina watoto wawili hapa, mkokoteni wa ng'ombe umepinduka, magunia yamewaangukia. Nawatumia vifua vyao Daktari avione. Ila mtandao leo mbaya kweli."

"Marahaba. We tuma tu, programu itajua yenyewe."

Ndivyo nilivyosema. Itajua yenyewe.

Walikuwa mapacha wa kike wa miaka sita, Kulwa na Doto, watoto wa Masanja, mkulima wa Sitalike. Baba yao alikuwa amekwenda nao kwa bibi yao upande huo wa mpunga kusaidia mavuno. Saa nne na kitu skrini yangu ikaandika "imefika." Baadaye kidogo ikaandika tena "imefika." Nikaendelea na shughuli zangu za kubadilisha wino wa mashine ya kuchapa. Daktari Rehema akasoma picha, akatuma jibu kituoni: vifua vyote viwili salama, wapewe dawa ya maumivu, waende nyumbani.

Daktari Rehema alikuwa mwanamke mchangamfu, mwepesi wa kucheka, na ilikuwa kawaida yake kuniita nikaone picha za ajabu. Karibu saa sita akanichungulia mlangoni. "Mama Perpetua, njoo uone maajabu. Hawa mapacha wa leo hata mapafu yao yanafanana!"

Nikaenda. Alifungua taarifa ya kwanza, ikatokea picha. Akaifunga, akafungua ya pili, ikatokea picha. Alikuwa anacheka. Mimi nilitazama zile mbavu, kisha nikamwomba afungue tena ya kwanza, kisha ya pili.

"Daktari, hata pacha na pacha hawasimami sawa mbele ya mashine. Hii ni picha moja."

"Umeituma mara mbili?"

"Sijui."

Nikasogeza uso karibu na kioo. Mimi si mtu wa mapafu. Lakini shingoni mwa yule mtoto kulikuwa na mkufu, ushanga wa chuma wa kawaida unaouzwa magulioni, ambao Deo alisahau kuuvua. Ulishuka kutoka bega la kulia, ukashuka kutoka bega la kushoto, ukafika katikati ya kifua, ukaishia hapo. Pande zote mbili ziliishia kwenye mstari mmoja, kana kwamba mtu kaukata kwa kisu. Hakukuwa na sehemu ya chini inayounganisha.

"Huu mkufu chini yake iko wapi?" nikauliza.

Daktari Rehema akaacha kucheka. Akavuta picha ikawa kubwa. Na tulipoikuza tukaona mbavu nazo zinapishana kidogo mahali pale pale, upana wa ukucha.

Nikaelewa yote kwa mara moja, na niliogopa. Sisemi nilishtuka. Niliogopa, nikashika kiti cha daktari. Kulwa, kama tulivyokuja kujua majina baadaye, alitumwa kwanza, mtandao ukakatika akiwa nusu. Kabla haujarudi, Deo akaweka picha ya Doto kwenye foleni. Baba mmoja, tarehe ya kuzaliwa moja, wote wasichana, wote kifua, siku moja: jina moja. Njia iliporudi, programu ikaanza na ya Doto iliyoingia mwisho, ikauliza, faili la jina hili unalo? Ninalo, limefika nusu. Ikaendelea palepale, na nusu ya chini ya Doto. Kwa mashine ile picha zote za kifua zilikuwa na ukubwa mmoja, kwa hiyo ukubwa ukatimia: imefika, futa. Ikarudi kwa Kulwa, ikauliza tena, ikajibiwa faili lipo na ukubwa umetimia: imefika, futa. Nusu ya juu ya Doto haikuwahi kufika popote. Nusu ya chini ya Kulwa vilevile. Na kule kituoni programu yangu ilikuwa imeshafuta zote mbili.

Daktari alikuwa amesoma kifua cha mtoto ambaye hayupo duniani, akakikuta kizima.

Nikampigia Deo. Mara ya kwanza nikakosea namba.

"Deo, wale mapacha wako hapo?"

"Hapana mama, si daktari kasema waende? Baba yao kapata lifti ya lori la mpunga, wanarudi Sitalike. Sasa hivi wako hifadhini."

"Simu ya baba yao?"

"Ninayo, lakini humo ndani hamna mnara. Kuna nini?"

Daktari akaninyang'anya simu. "Deo, wewe uliziona picha kwenye kioo chako kabla hazijafutwa. Kulikuwa na kitu?"

Deo akasema, "Daktari, mimi si msomaji. Moja ilikuwa na weusi mwingi juu, upande wa kushoto. Nilidhani nimezidisha mionzi."

"Ya mtoto yupi?"

"Wa pili kuingia."

"Jina lake?"

"Wamevaa sawa, daktari. Sikumbuki."

Daktari Rehema akakata simu, akanieleza huku akivua miwani. Weusi ule unaweza kuwa hewa. Ubavu ukitoboa pafu, hewa inavuja inakusanyika kifuani, pafu linasinyaa, na mtoto anaweza kukaa saa kadhaa akiwa amenyamaza tu, kisha hewa ikaanza kuubana moyo. Juu ya lori, kwenye makorongo ya ile barabara, huo ndio mwisho wake.

Gari la wagonjwa lilikuwa moja siku hiyo, na lilikuwa linasubiriwa na mama mjamzito wa Ilembo aliyeanza uchungu. Muuguzi mkuu akasimama mlangoni na funguo mkononi. "Daktari, nimpe dereva safari ya Ilembo au nyie mnataka kwenda wapi? Kwa sababu ya mkufu?"

Daktari akanigeukia mimi. "Mama Perpetua, una uhakika?"

Hapo ningeweza kusema huenda ni mtandao. Kila mtu angekubali, mtandao wetu ulikuwa na sifa mbaya kuliko mimi. Nikasema, "Sina uhakika na ugonjwa. Nina uhakika na kosa. Ni langu, nimeliandika kwa mkono wangu."

Muuguzi mkuu akanitazama, akampa dereva funguo, akatoka mbio kutafuta bajaji ya kumleta mama wa Ilembo. Alijifungua salama, kama mnajiuliza. Mimi nilikuwa ninajiuliza njia nzima.

Nilipanda nyuma ya gari bila kualikwa. Mpanda hadi Sitalike si mbali, lakini siku ile kila tuta lilikuwa na chuki na sisi. Nilipiga namba ya Masanja tangu tunatoka mjini: haipatikani. Nilipiga mpaka Daktari akaniambia niache, namaliza chaji. Tulisimama kando ya barabara karibu na daraja la Sitalike, pale watu wanaposhuka kuangalia viboko. Siku hiyo walikuwepo wageni wawili wanapiga picha viboko. Niliwaonea wivu kwa kuwa hawakuwa na cha kungoja.

Likaja lori, la mahindi. Likaja basi. Likapita gari la hifadhi, tukalisimamisha, askari akasema ameliacha lori la mpunga nyuma, limepata pancha, wanabadilisha tairi. Daktari akauliza kama ameona watoto. Akasema ameona mmoja anacheza barabarani.

"Mmoja?"

"Mmoja."

Daktari alirudi garini. Alifungua sanduku lake, akapanga sindano na mipira juu ya kitambaa, akafunga, akafungua tena. Dereva akataka kuingia hifadhini tuwafuate, Daktari akakataa kwanza, akihofia tutapishana na lori likapita njia ya mchepuko, kisha akakubali, na tulipokuwa tunawasha gari ndipo lori likatokea kwenye kona na vumbi lake.

Dereva wetu alisimama katikati ya barabara amenyanyua mikono yote miwili. Juu ya magunia alikaa Masanja, mwanaume mrefu mwenye kofia ya sufu kwenye jua lile. Mtoto mmoja alikuwa amesimama ameshika kamba, anatushangaa. Mkufu ulikuwa shingoni kwake. Wa pili alikuwa amelala mapajani kwa baba.

"Huyo ni nani?" Daktari akapaza sauti kutoka chini.

"Doto. Amechoka, amelala."

Hakuwa amelala. Walipomteremsha niliona pua zikitanuka kila anapovuta pumzi, na midomo imepoteza rangi. Daktari akaweka kipimo chake kulia kwa kifua, akakihamishia kushoto, akarudisha kulia, akarudi kushoto, akakaa hapo muda. Akasema, "Huku hakuna kitu." Akaomba sindano. Masanja akauliza, mnamfanya nini mwanangu? Nilimshika Doto miguu, Daktari akapapasa chini ya mfupa wa mtulinga, akachoma, na hewa ikatoka ikipiga mluzi mwembamba kama tairi la baiskeli. Ikaendelea kutoka. Doto akavuta pumzi moja ndefu, kisha akalia kwa sauti kubwa ya hasira, na mimi nikalia naye palepale barabarani, mtu mzima na kitambulisho changu shingoni.

Kwenye gari, tukirudi Mpanda, Doto akiwa na mpira kifuani na Kulwa amemng'ang'ania mkono, Masanja akaniuliza taratibu, "Mayu, asubuhi tuliambiwa wamepona wote. Nani aliyesema?"

Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chao. Aliniita kwa heshima na hilo lilinichoma zaidi. Nikasema, "Daktari alisoma picha mbovu. Mashine yangu ndiyo iliyosema picha imefika."

"Hiyo mashine nani kaifundisha kusema?"

"Mimi."

"Basi ni wewe uliyesema."

"Ndiyo. Ni mimi niliyesema. Nisamehe, baba."

Akatikisa kichwa, akawageukia binti zake. Baadaye, Doto alipoanza kukimbia wodini na kuiba sukari ya wauguzi, alikuja kunisalimia. Lakini siku ile hakunisamehe, na alikuwa na haki.

Wiki hiyohiyo niliivunja programu nikaijenga upya. Kila picha ikapewa namba inayotolewa na mashine yenyewe wakati wa kupiga, haijalishi ni ya nani. Hesabu ya kuhakiki nikairudisha, pamoja na dakika zake na benchi lake. Na kufuta nikakuondoa mikononi mwa programu: picha ya kituoni haifutwi mpaka mtu aliye hai, upande wa pili, aandike kwamba ameifungua akaisoma. Diski ikijaa, tunanunua diski. Hayo mnaweza kuyaandika, yatawasaidia.

Hili la mwisho halina msaada, ila lazima niliseme. Programu ilikuwa inatunza orodha ya kila ilichotuma. Nilikaa nayo siku mbili, nikaisoma yote tangu mwanzo, nikitafuta jina moja lililoandikiwa "imefika" mara mbili siku moja. Nilikuwa naomba nisilikute. Nililikuta moja. Lilikuwa la miezi mingi nyuma, wavulana mapacha wa mwaka mmoja na nusu, vifua, kikohozi, na jina la baba lilikuwa la mtu wa kijiji nilichozaliwa mimi.

Nikampigia Deo. Akasema mmoja wao alifariki wiki chache baada ya picha ile. Nikampelekea Daktari Rehema faili. Akaifungua picha, akaikuza. Nikamuuliza kama picha nzuri ingemwokoa. "Siwezi kujua," akasema. "Hii si picha ya mtoto yeyote."

Hakuna aliyenituma kwenda. Mkuu wangu alisema tuandike barua. Nilipanda basi, nikapita hifadhi, nikateremka kijijini kwetu ambako watu wananisalimia kwa jina la marehemu baba yangu, nikamkuta yule mama anapepeta mpunga, na pacha aliyebaki anachezea pumba miguuni kwake. Nilikaa chini nikamweleza kila kitu. Nilieleza nusu ya huyu na nusu ya yule, na kufutwa, na kwamba sijui, na daktari hajui. Nilijiandaa kwa matusi. Niliyataka.

Aliweka ungo chini. Akauliza, "Hiyo picha mnayo bado?"

"Tunayo."

"Nusu yake ni marehemu?"

"Nusu ni marehemu. Nusu ni huyu hapa. Sijui ipi ni ya nani."

Akamvuta mtoto akampakata, akamfuta pumba usoni kwa kanga.

"Niletee," akasema. "Hatukuwahi kumpiga nyingine."